Naloksoni: ya puani, ya sindano, na mafunzo yake

Naloksoni ni dawa inayomrudishia pumzi mtu aliyezidisha dozi ya heroini au jamii yake. Nimetumia aina zote mbili, ya kupuliza puani na ya sindano. Kutoa dawa si kazi. Kazi iko kwenye pumzi kabla ya dawa, na kwenye saa zinazofuata. Mafunzo mengi hukaa sana kwenye kifaa halafu hayo mawili yanapitiwa mbio.

Kifaa cha puani cha miligramu 4 kina dozi moja tu. Ukikibonyeza hewani kukijaribu, umeimaliza. Mgonjwa alale chali, shingo uitegemeze kwa mkono, kichwa kirudi nyuma, kisha ncha iingie hadi vidole vyako viguse chini ya pua. Hapo ndipo kidole gumba kisukume kitako hadi mwisho. Kosa la kawaida ni kubonyeza mapema, ncha ikiwa bado nje, dawa ikaishia kwenye mdomo wa juu. Haihitaji mtu avute pumzi, kwa sababu hunyonywa na utando wa ndani ya pua, na ndiyo maana inamfaa hata aliyeacha kupumua.

Ya sindano ndiyo ninayoipenda zaidi, ingawa simpi mtu ambaye hajawahi kushika bomba la sindano. Ampuli (kichupa cha kioo cha dawa) ya kawaida ina miligramu 0.4 katika mililita 1. Igonge kwa kucha ili dawa iliyokwama shingoni ishuke, izungushie kitambaa, weka kidole gumba kwenye nukta iliyochorwa na uivunje kwa kusukuma nyuma. Choma katikati ya paja, upande wa nje, au kwenye msuli wa bega. Kama hali ni ya haraka, hata juu ya nguo. Sindano iwe na urefu wa sentimita 2.5 au zaidi. Hapa pakiti nyingi hukosea: mtu huwekewa bomba la insulini, ambalo sindano yake ni fupi na dawa huishia kwenye mafuta bila kufika kwenye msuli. Uzuri wa ampuli ni kwamba unaongeza kidogo kidogo, na mgonjwa haamki na arosto (mateso ya kukatika kwa dawa ya kulevya mwilini) kali ya ghafla.

Kuhusu vifaa vipya vya puani vya miligramu 8, sioni sababu ya kuvikimbilia. Takwimu za polisi wa jimbo la New York zilizochapishwa 2024 zilivilinganisha na vya miligramu 4: walionusurika walikuwa karibu sawa, ila waliopewa 8 walitapika na kupata arosto zaidi.

Sasa pumzi. Heroini, fentanili na jamii yake huua kwa kuzima upumuaji, kwa hiyo kinachomwokoa mtu ni hewa. Msugue mfupa wa kifua kwa konzi. Akikaa kimya, mboni zimekuwa kama ncha ya sindano na pumzi ni chache, usisubiri. Kwa ngozi nyeusi usitafute rangi ya bluu usoni; funua mdomo uangalie ufizi na sehemu ya ndani ya midomo, kisha kucha, kama vimekuwa vya kijivu. Mkoromo wenye majimaji watu huuchukulia kuwa usingizi mzito, nao ni dalili ya njia ya hewa kuziba. Ita msaada, inua kidevu, bana pua, mpulizie pumzi 1 kila sekunde 5 hadi kifua kinyanyuke. Kumwagia maji baridi au kumdunga maziwa au chumvi hakusaidii chochote, hata aseme nani.

Baada ya dozi ya kwanza subiri dakika 2 hadi 3 ukiendelea kumpulizia, ndipo utoe ya pili. Hofu huwafanya watu wamalize pakiti nzima ndani ya dakika moja. Tena lengo ni apumue, si lazima aamke. Kama alichanganya na pombe au vidonge vya usingizi, atapumua vizuri na bado alale, kwa kuwa naloksoni haigusi hivyo.

Naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90. Methadoni, ambayo ni ya jamii ya heroini, hukaa mwilini muda mrefu kuliko huo, hivyo mtu anaweza kuzama tena mbele ya macho yako. Naye akiamka na arosto atataka kuvuta au kujidunga tena. Mweleze kwamba kwa sasa hatasikia kitu, na naloksoni ikiisha dozi zote mbili za kulevya, ya kwanza na hiyo mpya, zitamkuta. Mlaze ubavu, goti la juu likunjwe, mkono uwe chini ya shavu, na mkae naye saa 2 au zaidi kama wahudumu hawajafika.

Shirika la Afya Duniani lilipendekeza 2014 kwamba yeyote anayeweza kushuhudia overdozi (mtu kuzidisha dozi) apewe dawa hii na afundishwe. Saa moja inatosha, mradi kila mshiriki apulize kwenye mdoli mwenyewe badala ya kutazama. Kabla hujapokea pakiti, ifungue: dozi 2, glovu, na kinga ya plastiki ya mdomoni. Hiyo ya mwisho ndiyo hukosekana mara nyingi, na ikikosekana watu husita kupuliza.