Mtende na mgomba kwa bustani ya baridi kali: vuta jani la kati kabla hujalipa

Mtende wangu wa kwanza ulikufa mwezi Machi, na haukuuawa na theluji. Nilikuwa nimeununua miezi mitano nyuma, umenizidi urefu, lebo yake inasema unavumilia hadi nyuzi 17 chini ya sifuri. Msimu ule baridi haikufika hata -8. Nilipoufunua, majani yote ya pembeni yalikuwa ya kijani, nikashukuru. Kisha nikashika jani la kati, lile changa lililofumba na kusimama kama mkuki. Likanifuata mkononi. Halikukatika, lilichomoka zima, na ncha yake ya chini ilikuwa ya kahawia, laini, ina utelezi, inanuka kama maji ya chombo cha maua yaliyosahauliwa. Majani ya pembeni yalibaki ya kijani mpaka Juni, ndiyo maana kwa wiki nyingi niliendelea kuumwagilia mti uliokwisha kufa.

Tangu hapo naulizwa swali lile lile na watu wanaotaka bustani yenye sura ya tropiki mahali ambapo ardhi inaganda: ninunue upi? Karibu kila mmoja ananitajia namba iliyo kwenye lebo. Namba hiyo ina maana yake. Kanda za USDA, yaani Wizara ya Kilimo ya Marekani, hupangwa kwa wastani wa usiku wa baridi kuliko yote katika mwaka. Kanda ya 8, kwa mfano, ni kati ya -12 na -7. Kwa RHS, chama cha kifalme cha bustani cha Uingereza, alama H5 ni kati ya -15 na -10. Ila hakuna lebo inayokuambia kama usiku huo mti ulikuwa mkavu, au ulikuwa umenyeshewa wiki tatu mfululizo. Hapo ndipo miti mingi inapotupotea.

Mtende ninaousema hapa si ule wa tende, ni ndugu wa mnazi, na shina lake lina kilele kimoja. Mwembe ukikatwa huchipua pembeni, lakini mtende wa shina moja kilele chake kikioza chote, umekwisha, hata kama mizizi ni mizima. Kilele hicho kimejificha ndani ya kilifu, kati ya vikonyo vya majani, mahali palipokaa kama faneli. Maji yanaingia, yanatuama, yanaganda, yanayeyuka, yanaganda tena. Jani changa linajeruhiwa, ukungu na bakteria wanapata mlango. Mtende uliokauka kileleni huvuka baridi ambayo ingeuangamiza ukiwa umelowa.

Kwa hiyo sitakueleza habari za jua, mbolea wala ukubwa wa bustani. Hayo utayapata popote. Ukifika kwa muuzaji, nenda moja kwa moja kwenye jani la kati. Lishike karibu na chini kwa vidole viwili, ulivute juu taratibu, kama unavyojaribu jino la mtoto kuona limelegea au la. Lisisogee. Likicheza hata kidogo, acha mti huo. Kisha nusa kilele. Kisha tazama jani la mwisho lililofumbuka: ukiona ncha zake zimekatika kwa mstari mmoja kama zilizopitiwa na mkasi, ujue liliumia likiwa bado limefumba, na lililo nyuma yake huenda liliumia pia. Mwisho fukua kidogo kwa kidole pale shina linapoingia kwenye udongo. Kuna wauzaji wanaozika mti hadi kwenye vikonyo ili usiyumbe chunguni. Mti wa namna hiyo umekwisha kuanza kulowana shingoni.

Na hili la kamba lazima niliseme. Majani hufungwa pamoja kwa kamba ili miti ipangike kwenye lori, naelewa. Nisichokubali ni mti kukaa dukani mwezi mzima ukiwa umefungwa, unamwagiliwa kwa mpira kutoka juu, na yale majani yaliyobanwa yanayaelekeza maji yote kileleni. Mnunuzi haoni jani la kati, na akiomba kamba ikatwe anaambiwa ataharibu bidhaa. Wangu ulikuwa hivyo hivyo. Nilipompelekea muuzaji picha za lile jani lililooza alinijibu kwamba ni baridi, na dhamana haihusu baridi. Mti alioulowesha yeye mwenyewe!

Halafu bei inapangwa kwa urefu wa shina. Unalipia sentimita. Miti mirefu mingi imekulia shambani kwenye nchi yenye joto zaidi, ikang'olewa na kukatwa mizizi ili iingie chunguni, na inahitaji msimu mzima au zaidi kushika ardhi tena. Ukiuingiza kwenye baridi kabla haujashika, ile namba ya lebo haikuhusu, maana ni namba ya mti mkubwa ulioshika ardhini. Mti mfupi uliokulia chunguni na kukijaza mizizi nauamini kuliko jitu lililokatwa miguu.

Sasa chaguo zangu, na sifichi upendeleo.

Namba moja ni mtende uitwao Trachycarpus wagnerianus, na sijaona wa kuukaribia. Wataalamu wengi siku hizi wanauhesabu kuwa ni aina tu ya Trachycarpus fortunei. Ulijulikana kutoka bustani za Japani, si porini. Majani yake ni kama upepeo mdogo, magumu, yamesimama, nusu hivi ya upana wa yale ya fortunei. Upepo wa baridi hauyachani, wala theluji haiyalazi kirahisi. Naupenda zaidi kwa sababu umbo hilo fupi la kukaza linarahisisha kuujengea kipaa cha kuzuia mvua. Angalizo moja: ukiwa mchanga unafanana sana na fortunei, na nimeona fortunei wadogo wakiuzwa kwa jina lake na kwa bei yake. Tazama kingo za jani changa. Wagnerianus huwa na manyoya meupe laini kwenye kingo, kama uzi wa pamba ulioshonewa pindoni. Usipoyaona, usilipe bei hiyo.

Pili ni mgomba, Musa basjoo. Wengi huuita mgomba wa Japani, ingawa asili yake ni kusini mwa China. Usitegemee ndizi za kula; zake ni ndogo na zimejaa mbegu. Nauweka juu kwa sababu unakwepa ule udhaifu wa mtende: uhai wake uko chini, kwenye tunguu. Jalidi ya kwanza itayageuza majani kuwa meusi usiku mmoja, na asiyejua atalia. Kata majani, acha shina, zungushia wavu, jaza nyasi kavu au majani makavu, funika juu mvua isipenye. Hata shina likioza lote, tunguu lililofunikwa vizuri hutoa machipukizi mapya, na shina likisalimika, kiangazi kimoja kinatosha kuufanya ukuzidi urefu kwa mbali. Dukani chagua chungu chenye vitoto pembeni. Kama lebo imeandika "mgomba wa baridi" bila jina la kisayansi, pita. Nyuma ya maneno hayo unaweza kukuta mgomba wa kawaida wa ndizi, usiovumilia lolote.

Hapo hapo nikuonye kuhusu Ensete ventricosum, ndugu wa mgomba, hasa ile yenye majani mekundu. Ni mmea wa nyanda za juu za Afrika, Waethiopia wanaulima kwa chakula, na kwa uzuri hauna mpinzani. Ila hautoi vitoto vyenyewe, na baridi ya kugandisha inaumaliza. Ununue tu kama una mahali pakavu pasipoganda pa kuuhifadhi kila mwaka.

Tatu, Trachycarpus fortunei wenyewe, unaopatikana kila mahali. Umepewa jina la Robert Fortune, Mskoti aliyepeleka miche Uingereza kutoka China mwaka 1849. Ukishika ardhi unavumilia hadi karibu -15. Majani yake mapana huchanika kwa upepo, basi upande nyuma ya ukuta.

Nne ni mtende uitwao Rhapidophyllum hystrix wa kusini-mashariki mwa Marekani, ambao kwa baridi tupu unawashinda wote. Umevuka hata -20. Tena hutoa machipukizi pembeni, kwa hiyo kilele kimoja kikioza si mwisho wa mti. Mbona nne basi? Unakua polepole mno na unahitaji kiangazi chenye joto la kweli. Ukiuvuta jani la kati vaa glavu, kilele kimezungukwa na miiba mirefu kama sindano.

Dicksonia antarctica, ule mti wa jamii ya madole (fern, mimea isiyotoa maua), huuzwa kama gogo tupu lisilo na jani. Hukua sentimita chache tu kwa mwaka, kwa hiyo kwenye gogo la mita moja unalipia miongo ya watu wengine. Ingiza kidole juu kabisa: vile vichipukizi vilivyojikunja viwe vigumu kama kokoto. Vikibonyea, hilo ni gogo la kuni.

Kwa mwenye fedha kidogo: magimbi ya mapambo na Canna, mmea wa maua wenye majani mapana. Hung'olewa kabla ardhi haijaganda na kuhifadhiwa pakavu ndani. Yanajaza nafasi, basi.

Nunua mwanzoni mwa majira ya kuchipua, mti upate miezi ya joto ya kushika ardhi. Punguzo la kabla ya baridi ndilo lililoniponza. Muuzaji anakuhamishia kazi ya kuutunza msimu wa baridi. Siku ya kupanda, kata kamba, panda kwenye kituta kidogo ili maji yasituame. Mvua za baridi zikianza, weka kipaa juu ya kilele, pembeni pawe wazi hewa ipite. Ukiuviringisha kwa nailoni utauozesha mwenyewe.

Wagnerianus wangu niliuchora alama msimu uliopita: mstari wa kalamu isiyofutika kupita jani la kati na kikonyo cha jirani, usawa mmoja. Kila Jumapili nilikwenda kuutazama. Januari haukusogea, Februari haukusogea, Machi nikaogopa kuugusa. Wiki ya pili ya Aprili mstari wa jani la kati ulikuwa juu ya ule wa jirani kwa upana wa ukucha.