Nilitaka flashi, nikauziwa taa

Lenzi haina kosa, nianze na hilo kabla hasira haijanipanda. Makro ya Canon ya milimita 100, yaani lenzi ya kupigia vitu vidogo kwa karibu, mtumba wa duka moja la Kariakoo. Kwa ile yangu ya 60, kumpiga mdudu kwa ukubwa wake halisi ilibidi nimsogelee hadi sentimita 9 hivi. Kivuli changu kinatangulia, panzi huyo kaondoka. Hii inaniacha sentimita 15 hivi, na buibui mrukaji anatulia.

Sasa hiyo flashi. Duka lile lile, siku moja ya joto kali, nikaulizia flashi ya duara ya kufunga mbele ya lenzi. Kijana wa kaunta akaiangalia kamera iliyoning'inia shingoni mwangu. "Dada, hii ni ya shemeji?"

Ningetoka pale pale. Lakini kesho yake nilikuwa na safari ya Amani, nikalipa.

Usiku wa kesho yake, kwenye msitu wa Amani huko milima ya Usambara, tochi ikamwangukia kinyonga mdogo kalala kwenye kijiti, mweupe kama karatasi. Upepo kidogo tu, kijiti kinacheza. Nikawasha "flashi". Kumbe ni vitaa vya LED vimepangwa duara! Kwa ukaribu ule tundu la lenzi la f/11 linapitisha mwanga mdogo kama wa f/22 (namba ikikua, tundu linabana), na sehemu inayotoka kali haizidi milimita moja hivi. Flashi ya kweli inatema mwanga wake wote kufumba na kufumbua, kijiti kikicheza haijali. Hii inamulika tu, kama tochi, na kijiti kinacheza huku kamera bado inavuta mwanga. Nilirudi na ukungu wa kijani, picha hamsini na kitu.

Nikaipeleka dukani. Kijana hata hakuishika. "Haina shida hii. Mkono wako ndio unatetemeka, dada." Akanionyesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi.

Mkono unatetemeka! Mkono huu unapiga sendofu na harusi kila Jumamosi, mpaka saa nane usiku.

Nikachukua flashi yangu ya harusi, nikakata kipande cha dumu jeupe kwa kisu cha jikoni, nikakifunga mbele yake kwa rababendi. Mwanga ukalainika kama wa dirishani. Buibui wa mlangoni kwangu: macho manane, mawili ya mbele kama shanga nyeusi, na vinyweleo unavihesabu.

Kwa hiyo ile taa, sifuri. Ingawa juzi niliifunga nikapiga pete za maharusi mezani, kamera kwenye tripodi, zikatoka safi mno. Haya, nyota mbili, kwa vitu visivyopumua. Duka ndilo sifuri.

Ila lenzi aliniuzia mzee mwenye duka, na alinikalisha nikaijaribu kwanza kwenye noti ya elfu kumi mpaka niliporidhika. Siku zote mbili za flashi hakuwepo. Yeye nitamrudia. Nitachungulia kwanza mlangoni, yule kijana asiwepo.