Fremu ya kwanza ya fiksi kwa mtu wa Tanga: ipi uanze nayo, ipi uiache

Mtu wa Tanga habembelezwi kupanda baiskeli. Mji wenyewe ni tambarare, na asubuhi barabara za Ngamiani zinajaa Phoenix zenye tenga nyuma, wanafunzi wamepakizana, na watu wanaowahi kazini. Kwa ardhi kama hii fiksi inakubali: gia moja, haina friwili, gurudumu likizunguka na pedali zinazunguka. Hakuna kilima cha kukutesa, na vya kuharibika ni vichache.

Taabu inaanzia kwenye fremu. Anayeanza anaona picha ya baiskeli ya velodromu, yaani uwanja wa mashindano ya baiskeli, inamkaa rohoni, anaitafuta hiyohiyo. Lakini velodromu ya kisasa ni mzunguko wa mbao wa mita 250, kona zimeinuliwa zaidi ya nyuzi 40, na humo hakuna bajaji inayokata bila taarifa wala mchanga juu ya lami. Sisi Tanga velodromu hatuna. Kwa hiyo fremu nimezipanga kwa swali moja: ukitoka nayo Chumbageni kwenda Pongwe, utarudi mzima?

Geuza fremu uangalie nyuma

Kabla ya rangi na jina, angalia mdomo ambamo ekseli ya nyuma inakaa. Fiksi haina kile kijembe cha gia kinachovuta mnyororo, kwa hiyo mnyororo unakazwa kwa kusogeza gurudumu zima nyuma. Mdomo lazima uwe umelala. Ukifunguka kwa nyuma, ndiyo wa velodromu wenyewe. Ukifunguka kwa mbele lakini umelala, kama wa baiskeli za resi za zamani, unafaa. Ukiwa umesimama wima, rudisha fremu ulipoitoa, hata kama inang'aa namna gani.

Halafu pima upana kati ya midomo miwili. Habu ya fiksi, yaani kitovu cha gurudumu, inahitaji milimita 120. Resi za zamani nyingi zina 126, na hizo milimita 6 unazijaza kwa washa, 3 kila upande. Ikiwa 130 na fremu ni ya chuma, fundi anayejua kazi anaweza kuibana taratibu. Ya aluminiamu haibanwi, itapasuka.

Ya kwanza: fremu ya chuma ya resi, ya mtumba

Hii ndiyo ningemwambia mdogo wangu anunue. Ina tundu la breki mbele na nyuma, ina nafasi ya tairi nene kidogo, na ikivunjika inatengenezeka. Ukichomelea, ukatae umeme: mabomba ya resi nzuri ni membamba, chini ya milimita moja, na umeme unayatoboa. Tafuta fundi wa gesi na shaba.

Kasoro yake ni moja, na uijue mapema. Kikombe cha ekseli ya pedali kimekaa chini kuliko cha fremu ya velodromu. Kwenye resi ya kawaida unalaza baiskeli konani huku mguu wa ndani umeuinua juu. Fiksi haikupi nafasi hiyo, pedali haisimami, na ikigonga lami inanyanyua gurudumu la nyuma. Funga mikono ya pedali ya milimita 165 badala ya 170, na kona usizilaze mno.

Kwa kuwa ni mtumba, ikague. Chukua uzi mrefu, funga ncha moja kwenye mdomo wa nyuma wa kushoto, uzungushe mbele kwenye bomba la usukani, urudi nao hadi mdomo wa kulia, uvute ukaze. Sasa pima kutoka uzi hadi bomba la siti, kushoto na kulia. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Ikizidi milimita mbili upande mmoja, imeshagongwa au imeshabeba gunia la mkaa. Pitisha pia kidole chini ya bomba la juu na la chini, nyuma tu ya usukani. Rangi iliyopasuka kwa mstari wa kuzunguka au uvimbe mdogo hapo ni dalili kwamba iligonga kitu kwa mbele.

Mwisho, mwambie muuzaji achomoe nguzo ya siti mbele yako. Nguzo ya aluminiamu ndani ya chuma, kwa chumvi hii ya bahari, hugandana kama imemiminwa. Akianza kukuambia "hiyo ni kazi ndogo, fundi ataitoa," mwache aitoe yeye kwanza, ndipo mzungumze bei.

Ya pili: fremu ya chuma iliyoundwa kwa fiksi ya barabarani

Kwa haki hii ndiyo bora: midomo inafunguka nyuma, upana 120, ekseli ya pedali iko juu, na tundu za breki zipo. Nimeishusha kwa sababu ya upatikanaji tu. Utaagiza mbali, utalipia usafiri na ushuru, na ukikosea saizi umekula hasara. Ukiikuta imetumika na inakutosha, usiulize mara mbili.

Ya tatu: Phoenix

Watanicheka, lakini Phoenix ina midomo inayofunguka nyuma tangu azaliwe, mnyororo wake ni mpana kama wa velodromu, na spea zake zinapatikana kila kona. Ni nzito, imelala nyuma kama kiti cha uvivu, na ringi zake za 28 zitakubana ukitafuta tairi nyembamba. Kwa kujifunza inatosha. Nakukataza kitu kimoja: usikubali friwili ichomelewe ili iwe fiksi. Habu yake haina uzi wa kinyume, yaani mikato ya nati inayokazwa kwa kuzungusha kushoto, wa kuifungia gia, na siku utakapozuia pedali kwa nguvu ili usimame, gia inafunguka na miguu inabaki inazunguka bure. Acha friwili yake ilivyo, ujifunze kwanza gia moja.

Ya nne: aluminiamu

Nyepesi, na haili kutu. Lakini ngumu mgongoni, na ikipata ufa hapa mjini huna wa kumpelekea. Ya mtumba sishauri kabisa.

Ya mwisho: keirin na kaboni

Fremu za keirin, mbio za baiskeli za velodromu za Kijapani, ni nzuri kuzitazama, sikatai. Mashindano yenyewe yalianzia Kokura, Japani, mwaka 1948, yakaingia Olimpiki Sydney 2000, na fremu zilizoidhinishwa zina muhuri wa NJS, alama ya idhini ya keirin ya Japani, chini ya kikombe cha pedali. Majina ya watengenezaji kama Nagasawa na Kalavinka yanauzwa kwa bei ya kukutoa jasho. Nyingi hazina tundu la breki, nafasi ya tairi ni ya milimita 23 hivi, na ukikata kona kali polepole ncha ya kiatu inagusa tairi la mbele. Fremu za aina hii nenda nazo velodromu. Kaboni ndiyo hata usiiulizie.

Saizi na pesa

Simama pekupeku ukutani, bana kitabu katikati ya miguu, pima kutoka sakafuni hadi juu ya kitabu, uzidishe kwa 0.65. Kipimo cha mguu kikiwa sentimita 80, tafuta fremu ya sentimita 52.

Fremu isile zaidi ya nusu ya bajeti. Breki ya mbele si pambo, inunue, hata kama wenzako wanajionyesha bila breki. Fremu ya chuma imwagie oili ndani ya mabomba, uigeuzegeuze, kisha uikaushe usiku kucha kabla ya kuifunga. Kutu ya pwani huanzia ndani.

Pesa inayobaki iende kwenye habu ya nyuma yenye uzi wa aina mbili: wa kawaida kwa gia, na wa kinyume kwa nati pana inayoifunga gia isifunguke. Mwoneshe fundi kabla hajashika spana, maana nati ile ukiipeleka kulia unailegeza.