Taa ya meza ya chakula kwa mtindo wa Japandi: kaa kwanza, ndipo ununue

Lalamiko ni lile lile. Taa imeshaning'inizwa, ukuta una rangi ya mchanga, meza ni ya mwaloni usiong'aa, na picha iliyopigwa kutoka mlangoni inapendeza. Watu wanakaa kula. Dakika kumi hazijaisha, mmoja amekunja uso, mwingine anasogeza kiti, wa tatu anauliza kama hakuna taa nyingine ya kuwasha. Taa inatia kiwi. Aliyeinunua haelewi, maana kila akisimama kuitazama anaiona nzuri.

Hapo ndipo ilipo kasoro ambayo miongozo mingi ya kununua taa huiruka. Itakueleza juu ya rangi ya mbao, umbo, "utulivu". Haikuambii kwamba taa ya meza ya chakula hutazamwa na mtu aliyekaa, kutoka chini, kwa saa nzima. Japandi, ule mchanganyiko wa Kijapani na Kiskandinavia, haina mapambo ya kukuvuta macho pengine. Chumba kikiwa kitupu namna hiyo, balbu moja inayochungulia inaharibu kila kitu.

Hesabu ya jicho la aliyekaa

Meza ya chakula ina kimo cha sm 74 hivi. Macho ya mtu mzima aliyekaa yako karibu sm 118 kutoka sakafuni, yaani sm 44 juu ya meza. Ushauri wa kawaida ni kuning'iniza taa sm 60 hadi 75 juu ya meza. Maana yake mdomo wa taa uko sm 16 hadi 31 juu ya jicho, na kila anayekula anachungulia ndani yake.

Ili ujue kama balbu itaonekana, tafuta vipimo vitatu: mdomo wa taa uko juu ya jicho kwa sentimita ngapi, nusu kipenyo cha mdomo huo, na umbali wa kwenda mbele kutoka jichoni hadi ukingo wa karibu wa taa. Zidisha viwili vya kwanza, gawanya kwa cha tatu. Jibu ni kina ambacho ncha ya balbu lazima izame ndani ya kofia ya taa ili isionekane.

Chukua meza ya upana wa sm 90. Jicho la aliyekaa liko kama sm 58 kutoka katikati ya meza. Taa ina mdomo wa sm 40, kwa hiyo nusu ni 20, na ukingo wa karibu uko sm 38 kutoka jichoni. Ukiitundika sm 60 juu ya meza: 16 mara 20, gawanya kwa 38, unapata sm 8.4. Ukiipandisha hadi 75, jibu linaruka hadi sm 16.3. Umeona? Wengi taa ikiwachoma macho huipandisha, na ndivyo wanavyozidi kuifichua balbu. Dawa ni kuishusha. Kwa sm 55 juu ya meza unahitaji kina cha sm 5.8 tu. Usishuke zaidi ya hapo, kwani mrefu atakayekaa ataanza kukatwa uso na ukingo wa taa.

Sasa ipime taa yenyewe. Kofia ya bakuli yenye kina cha sm 20 inaonekana ya kutosha. Holda, kishikio cha balbu, inakula sm 6. Balbu ya kawaida ya E27 (skrubu ya mm 27) ina urefu wa sm 11. Skrubu yake ikishazama kwenye holda, sm 8.5 hubaki nje. Jumla 14.5. Ncha imezama sm 5.5 tu, nawe ulihitaji 8.4. Taa hiyo imefeli, hata iwe nzuri namna gani. Lakini weka balbu fupi ya duara, ile ya G45 yenye urefu wa sm 8 hivi, na ncha inapanda hadi sm 8.5 ndani. Imepita, kwa upana wa unywele.

Mpangilio wangu, wa kwanza hadi wa mwisho

Nafasi ya kwanza naipa Akari, taa ya karatasi, na sijifichi: napendelea. Mchongaji Isamu Noguchi alianza kuzichora mwaka 1951 baada ya kufika Gifu, Japani, mji wa mafundi wa taa za karatasi, na hadi leo hutengenezwa huko huko. Mbavu za mianzi huzungushwa juu ya umbo la mbao, vipande vya karatasi ya washi hugundishwa juu yake, gundi ikikauka umbo linatolewa vipande vipande, na taa inakunjika bapa kama kapu tupu. (Wauzaji huiita "karatasi ya mchele". Haina mchele. Ni nyuzi za gome la mforosadi.) Kwa jicho la aliyekaa inashinda kwa sababu haina mdomo mpana wa kuchungulia: tundu la chini ni dogo, na kinachowaka mbele yako ni karatasi nzima.

Ila chagua ukubwa sawasawa. Hapa ndipo watu huikosea karatasi wakaishia kuilaumu. Tufe la sm 40 lenye balbu kali linakuwa jicho jeupe katikati ya chumba. Tufe la sm 60 lina eneo la uso mara 2.25 ya lile, kwa hiyo mwanga ule ule unasambaa, na kila sehemu ya karatasi inawaka chini ya nusu ya ukali wa kwanza. Kwa meza ya upana wa sm 90 usishuke chini ya 50. Maumbo yaliyobonyea, yanayofanana na andazi, ni bora kuliko tufe, kwani yana upana bila kujaza nafasi kati ya meza na dari. Na hakikisha balbu inakaa katikati: waya wa ndani ukipinda, doa la mwanga linahamia upande mmoja na karatasi inaonekana chafu.

Karatasi ina taabu zake. Vumbi hulala juu ya kila ubavu. Lipanguse kwa brashi laini ya rangi, kavu, kila baada ya wiki chache. Maji hayaguswi. Jiko likiwa chumba hicho hicho, mvuke wa mafuta utaipa rangi ya chai, na hakuna kuisafisha. Hapo nenda nafasi ya pili.

Ya pili ni PH 5 ya Louis Poulsen, kampuni ya Denmaki. Mdenmaki Poul Henningsen alikuwa ameshughulika na tatizo hili hili la kiwi tangu miaka ya 1920, na hii ya 1958 aliichora ili balbu isionekane kutoka upande wowote, juu wala chini. Kofia zimepangwa ngazi kwa ngazi, ile kubwa ina kipenyo cha sm 50, ndiko lilikotoka jina. Alichoka na viwanda vya balbu kubadilisha maumbo kila mara, akatengeneza taa isiyojali umewekewa balbu gani. Ndani kuna sehemu za rangi nyekundu na buluu za kurekebisha mwanga. Inapigwa kitambaa chenye unyevu na kurudi kuwa mpya. Kwa nini basi si ya kwanza? Ni chuma, na chuma kwenye chumba cha mbao na kitani kinasema kwa sauti. Chukua nyeupe isiyong'aa, si ya rangi kali.

Ya tatu ni Le Klint, pia ya Denmaki, yenye mikunjo iliyokunjwa kwa mkono tangu kampuni ilipoanza mwaka 1943. Model 172 ya Poul Christiansen, ya 1971, ina mawimbi yanayovunja mwanga vizuri sana. Wepesi wake ni wa karatasi lakini siku hizi kofia nyingi ni za plastiki, kwa hiyo inapangusika.

Ya nne, taa za vipande vya mbao kama Octo ya Secto Design ya Ufini, iliyochorwa na Seppo Koho. Mbao yake ya birch ni Japandi yenyewe. Tatizo ni nafasi kati ya kipande na kipande: ukitia balbu ya kioo angavu, kila ufa unakurushia mstari wa mwanga. Balbu nyeupe ya maziwa, hakuna mjadala.

Bakuli na koni za chuma nyeusi zinafuata, kwa sharti kwamba zimepita ile hesabu. Nyingi hazipiti.

Vikapu vya henzirani na mianzi vya bei ya chini: vinatupa kivuli cha wavu juu ya sahani. Tufe la karatasi la bei nafuu, kama REGOLIT ya IKEA, ni jambo jingine. Linakubalika kabisa, chukua kubwa.

Ya mwisho, kabisa, ni zile fimbo ndefu nyembamba zenye LED iliyofungwa ndani. Ukanda wa mwanga unamtazama kila mtu mezani, na siku kifaa cha umeme ndani kikifa unatupa taa nzima, kwa sababu hakuna balbu ya kubadilisha.

Balbu

Rangi ya mwanga: 2700 K (kelvini; namba ikiwa ndogo, mwanga ni wa njano zaidi). Kwenye 4000 K ukuta wa mchanga unageuka kijivu na mwaloni unapauka kama mbao ya sanduku. Kwenye boksi tafuta CRI, kipimo cha jinsi mwanga unavyoonyesha rangi halisi, ya 90 au zaidi, na kama wameandika R9, iwe juu ya 50. Hiyo ndiyo namba ya nyekundu, na bila nyekundu nyanya, nyama na ngozi ya mtu vinaonekana vimekufa. Mwanga wa lumeni 800 hadi 1000 unatosha meza ya watu sita kwa taa inayomwaga chini. Kwa karatasi, inayosambaza kila upande, nenda 1000 hadi 1500.

Kisha dima, yaani swichi ya kupunguza mwanga. Swichi nyingi za zamani zilitengenezwa kwa balbu za nyuzi na zinadai mzigo wa wati 40 au zaidi kabla hazijatulia. Balbu moja ya LED ya wati 8 haifiki, ndiyo maana inacheza au kuvuma ukiishusha. Nunua dima ya LED inayokata mwisho wa wimbi (trailing edge), na balbu iliyoandikwa wazi kwamba inakubali dima. Jaribu hivi: shusha mwanga hadi chini kabisa, washa kamera ya simu kwenye mwendo wa polepole, elekeza kwenye taa. Picha ikipigapiga, rudisha balbu.

Wanachokuficha wauzaji

Maelezo ya bidhaa yatakupa kipenyo, uzito, rangi tatu na neno "Japandi" mara nne. Kina cha balbu ndani ya kofia? Hakipo. Uliza, utajibiwa na mtu anayesoma yale yale uliyoyasoma. Picha zote zimepigwa na aliyesimama, mara nyingi mchana, taa imezimwa au mwanga umeongezwa kwenye kompyuta. Hakuna hata moja iliyopigwa kutoka kwenye kiti. Hili si kusahau. Taa zingepigwa picha hivyo, nusu yake zisingeuzika.

Na waya. Toa hivi: kimo cha dari, toa kimo cha meza, toa 60, toa kimo cha taa. Dari ya sm 270, meza 74, taa ya kimo cha 30: unahitaji waya wa sm 106. Muuzaji amekuwekea mita 1, nawe utaishia na taa iliyo juu sm 6 kuliko ulivyokusudia, na umeshaona sentimita chache zinavyofanya. Dari ikiwa mita 3, umekosa sm 36. Kuunganisha waya kwa mkanda wa gundi si jibu. Mwombe fundi abadilishe waya wote, swichi kuu ikiwa imezimwa, na taa ya chuma ipate waya wake wa ethi.

Kabla ya kulipa, kata duara la kadibodi lenye kipenyo cha taa unayoitaka, litundike kwa uzi kwenye kimo chake, kaa kwenye kila kiti na pima kutoka jichoni. Robo saa inatosha.

Aliyeshanunua naye ana njia. Ishushe taa hadi sm 55. Badilisha balbu iwe G45. Ikishindikana, tafuta balbu iliyopakwa fedha kichwani: ncha inakuwa kioo, mwanga unarudi juu ndani ya kofia na kushuka meza kwa upole. Hii inafanya kazi kofia ikiwa nyeupe kwa ndani. Ikiwa nyeusi, mwanga wote unamezwa na utakula gizani.