TAHADHARI: Kuna "mthamini" wa magari ya zamani anazunguka Tanga, ametuchukulia Datsun la Baba kwa milioni tatu na laki nane

Jamani watu wa Tanga, Muheza, Pangani, na yeyote ambaye gari la mzee wake limelala bandani: kuna mwanamume anazunguka akijiita mthamini wa magari ya kale. Msimfungulie mlango. Wiki tano nimekaa na jambo hili moyoni, naona haya kulitamka. Leo nalisema kwa sababu juzi nimeambiwa ameonekana Pangani, akiulizia nyumba ya mama mmoja mjane mwenye Land Rover ya marehemu mumewe.

Mnaoijua nyumba yetu ya Chumbageni sina haja ya kuwaeleza gari lenyewe. Datsun la Baba, la rangi ya chungwa, lile mlilokuwa mkifukuzwa juu ya boneti yake mkiwa wadogo. Na yaliyotokea nyumbani baada ya arobaini ya Baba mnayajua, siyarudii. Mimi ndiye msimamizi wa mirathi, ndugu zangu watatu wananisubiri, na kila kitu kinatakiwa kiandikwe thamani yake. Nyumba ilishapata bei, shamba la Pongwe lilishapata bei. Likabaki gari, na katika sisi wanne hakuna aliyejua liandikwe shilingi ngapi.

Alikuja Jumamosi, saa nne asubuhi. Namba yake nilipewa na kijana wa gereji ambaye Baba mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, na hilo ndilo la kwanza lililonilegeza. Shati jeupe limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni, mkoba wa ngozi. Akamwamkia Mama, "Shikamoo Bibi," akavua viatu kabla ya kukanyaga mkeka wa barazani. Mama akamtilia kahawa, akampa na kashata. Akanywa vikombe viwili. Tulipofika mlangoni pa banda akasimama, akaniambia, "Dada yangu, kabla sijaligusa gari la marehemu, tumsomee Fatiha." Tukainua mikono. Mama alikuwa analia. Wallahi mtu aliyemsomea baba yangu Fatiha ndiye huyo huyo aliyekwenda na mali ya baba yangu.

Nilisimama naye saa nzima, sikubanduka ila mara moja. Alitoa sumaku iliyofungwa kitambaa akawa anaipitisha kwenye milango na kwenye vizingiti. Iliposhika akasema hapa ni bati, ilipoteleza akasema hapa ni puti. Na kweli ilikuwa puti, ile ya kuzibia bati lililoliwa, Baba aliipaka mwenyewe, nilikuwepo. Akalala chini na tochi. Akachukua bisibisi akaichoma sakafu upande wa dereva, ikazama mpaka kwenye mpini, akanishika mkono nami nikalitia kidole lile tundu. Akafungua boneti, akagusa bati la kukalia betri, likamegeka kama kaimati iliyolala. "Hewa ya bahari, dada. Haya magari kutu inayala kama mchwa." Kila alichonionyesha nilikiona kwa macho yangu. Hakuna alichodanganya kuhusu kutu, hata kimoja, na kwa ajili hiyo yale mengine yote niliyameza bila kutafuna.

Halafu kikatokea kitu nilichokiona na sikukielewa. Kule kwenye injini kuna kibamba kidogo cha namba. Alikifuta vumbi kwa kitambaa, akakisoma, akanyamaza. Akafuta namba iliyogongwa kwenye ukuta wa bati baina ya injini na dereva, akaisoma. Akainama ubavuni mwa injini, karibu na kile kijiti cha kupimia oili, akakwangua kwa ukucha, akasoma tena. Kisha akavirudia vyote vitatu, tochi mkononi, bila neno. Tangu afike alikuwa hajanyamaza hivyo. Akageuka, akasema, "Dada, naomba maji ya kunywa."

Nikaenda jikoni. Niliporudi ameshafunga boneti, yuko nyuma anapiga picha vile vitundu viwili vya hewa kwenye mlango wa nyuma. Picha nyingi, karibu karibu. Nikamuuliza mbona hapo tu. Akasema hapo ndipo maji ya mvua yanapoingilia, ndiyo ugonjwa wenyewe wa gari. Nikaamini. Nikamhurumia hata, jua lilikuwa kali na shati lake limelowa mgongoni.

Barazani akafungua kishikwambi. Akanionyesha Datsun 120Y, ile ya teksi, imeuzwa bei kadhaa, Datsun pikapu imeuzwa bei kadhaa. "Hizi zinatembea, spea zake zipo, na bei zake ndizo hizi unazoziona. La marehemu halitembei." Nikajiona naelimishwa. Akasema gari lisilotembea kwa kawaida linahesabiwa kwa kilo, kama chuma chakavu. Hili lina kilo elfu moja na arobaini na tano, kwa shilingi mia tisa kilo moja, inakuja laki tisa na arobaini. "Lakini mimi siwezi kuandika hivyo kwa gari la mzee aliyetunza miaka yote hii." Akaandika milioni tatu na nusu. Akagonga mihuri miwili, wa duara na wa pembe nne. Nikamlipa laki na nusu ya kazi yake, akanipa risiti, na Mama akamfungia kashata akale njiani.

Jumanne ikapigwa simu. Mfanyabiashara, anatoka Dar, amesikia "kwa watu wa gereji" kuna Datsun la mirathi. Akaja jioni ile ile. Akalizunguka akiguna, akatia kidole kwenye lile tundu la bisibisi, akatikisa kichwa. Akaomba karatasi ya mthamini, akaisoma polepole, akasema, "Mimi nitaongeza. Nitatoa milioni tatu na laki nane, hii ni mali ya mirathi, sitaki laana." Niambieni nyinyi, mngefanyaje? Mtu anakupa juu ya bei iliyoandikwa na mtaalamu! Niliwapigia ndugu zangu mmoja mmoja, wote wakasema Alhamdulillahi, uza. Tukaandikishana kwa wakili, pesa zikahesabiwa mkekani. Alhamisi lori likaja kulibeba. Akaomba atusaidie "kuondoa takataka" za bandani, akachukua sanduku la kabureta, vifuniko vya magurudumu, na lile daftari la Baba la matengenezo, lenye kila oili aliyobadilisha na tarehe yake. Mama ndiye aliyelileta kutoka kabatini. Alimpa kwa mikono miwili.

Thumuni ya Mama, ile sehemu moja ya nane ya mjane, ilikuwa laki nne na sabini na tano elfu.

Wiki ya tatu akaja rafiki wa Baba, yule mzee fundi wa kabureta, alikuwa Pemba msiba ulipotokea. Akatoa pole, akaenda mwenyewe mpaka bandani kama alivyozoea. Akauliza, "Mwanangu, gari liko wapi?" Nikamwambia. "Kwa kiasi gani?" Nikamwambia. Akatafuta pa kukaa, akakaa juu ya pipa.

Akasema lile si Datsun la teksi. Lile ni 240Z, gari la michezo, silinda sita, lita mbili nukta nne, kabureta mbili. Ndiyo aina iliyoshinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1971 kwa Edgar Herrmann na Hans Schüller, na ikarudi kushinda mwaka 1973 kwa Shekhar Mehta na Lofty Drews, enzi ambazo mbio zile zilikuwa bado zinaingia na kwetu Tanzania. Yeye na Baba walizifuata kwa redio. Akasema vile vitundu viwili vya mlango wa nyuma viko kwenye magari ya mwanzo tu. Katika mwaka 1971 kiwanda kiliviondoa pale kikaviweka kwenye nguzo za pembeni, kwa hiyo mwenye kujua akiviona anajua ameshika gari la mwanzo, na wakusanyaji ndilo wanalolitafuta. Na zile namba: HS30 ndiyo ya usukani wa kulia, yaliyokwenda Marekani yanaanza HLS30. Namba ya ukutani na ile ya ubavuni mwa injini zikikubaliana na kibamba, maana yake gari bado lina injini iliyozaliwa nayo. "Na zinakubaliana," akasema. "Mimi na baba yako tulizisoma mara ngapi!"

Kumbe pale aliponyamaza na tochi yake ndipo alipokuwa anafanya uthamini wa kweli. Ule wa kishikwambi ulikuwa wa kunifunga macho.

Mwanangu akaingia intaneti usiku ule. Januari 2020 gari kama hilo, la 1971, liliuzwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. Sisemi la Baba lingefika huko, msinielewe vibaya. Lile lilikuwa limetembea kidogo sana na limetunzwa, la Baba sakafu imeliwa, na kutengeneza kutu ya gari lile ni pesa nyingi, mnunuzi yeyote lazima aikate kwenye bei. Hayo nayakubali. Lakini bei hutafutwa kwa kulinganisha 240Z na 240Z yenye hali kama yake, siyo na 120Y ya teksi. Tena kwa bei zilizolipwa kweli, siyo za matangazo.

Siku ya pili mwanangu akaliona lenyewe kwenye tangazo. Rangi ya chungwa, limeoshwa. Namba zimefichwa, lakini ufa wa dashibodi ulioanza katikati ukagawanyika mara mbili, nani mwingine anao? Na kile kiraka cha Baba juu ya gurudumu la mbele kushoto. Limeandikwa halijatengenezwa, usukani kulia, injini yake ya asili, "na daftari la matengenezo la mmiliki." Daftari la Baba! Dola 19,500, zaidi ya milioni 45 za kwetu. Kaka yangu akasema anayotaka muuzaji siyo anayoipata. Sawa, gawa kwa mbili. Gawa tena kwa mbili. Bado sisi tumeibiwa. Siku mbili baadaye tangazo likaondolewa, na simu za wote wawili hazipatikani tangu hapo. Ile ya mthamini na ile ya mnunuzi zilizimwa siku moja.

Mnaniuliza ningejuaje. Kwanza ile mihuri. Wathamini wana Bodi ya Usajili wa Wathamini, ipo kwa sheria ya 2016, ningeuliza jina lake huko kabla ya kumkaribisha. Sikuuliza, niliona muhuri nikaona yametimia. Pili, hakuandika aina ya gari kwenye cheti chake. Ameandika "Datsun, bovu" tu, hakuna 240Z, hakuna namba ya chasisi, hakuna mwaka. Nimekisoma juzi kwa mara ya kwanza kwa makini, na mikono ilikuwa inanitetemeka. Tatu, mnunuzi alijitokeza kabla sijamwambia mtu mwingine yeyote kama nauza. Nilimwambia mthamini peke yake! Na ile kunituma maji. Akikutuma kitu wakati amefungua boneti, usiende, mtume mtoto. Piga picha zile namba wewe mwenyewe, uzipeleke kwa fundi asiyejuana na huyo mthamini. Mengine nikiyakumbuka nitayaongeza, sasa hivi kichwa kinaniuma.

Nimefungua RB polisi, na karatasi zake zote ninazo, na risiti. Nataka wafungwe, wote wawili. Sitaki kurudishiwa laki na nusu yangu, sitaki suluhu ya wazee, kuna ndugu ameshanipigia kuniambia "mwachie Mungu." Mungu nimemwachia Fatiha ile, Yeye atamhukumu nayo. Hii ya gari nataka ahukumiwe hapa hapa Tanga, asimame mbele ya Mama aliyemfungia kashata, amwambie alivyokuwa anajua. Na yule kijana wa gereji naye aseme alipewa ngapi. Mama mpaka leo hajaniuliza kitu. Ananipitia barazani, ananipa kahawa, haulizi, na mimi ningependa aniulize.

Mthamini ni wa makamo, mwembamba, ana kovu dogo juu ya nyusi ya kulia, anazungumza taratibu kama mwalimu wa madrasa. Mnunuzi ni mnene, anavaa saa mkono wa kulia. Gari mnalijua. Wenye ndugu Mombasa, wenye watu bandarini Dar, waulizieni 240Z ya rangi ya chungwa yenye kiraka juu ya gurudumu la mbele kushoto, kiraka chenye ribiti kumi na moja, nilizihesabu nikiwa na miaka saba namshikia Baba taa. Likionekana nijulisheni, hata iwe usiku wa manane.