Miezi minane na maiki ya AT2020, gita kavu na chumba cha mawe Mkunazini

Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa studio. Napiga gita kwenye mahoteli ya Nungwi na Paje hapa Unguja, mara moja moja harusini, na maiki hii ya Audio-Technica AT2020 nimeinunua kwa hasira.

Hasira yenyewe ilianzia studio moja ya hapa mjini, sitaitaja. Nilikwenda na gita langu kavu, wazee wanaliita galatoni, nikitaka kurekodi nyimbo mbili. Fundi akachomeka waya kwenye pikapu, kile kinasa sauti kilichofungwa ndani ya gita, akasema "haya, piga". Niliporudi nyumbani kusikiliza nikaona haya mwenyewe. Ilikuwa kama mtu anagonga nyuzi kwa kijiko cha chai. Pikapu ile hukaa chini ya daraja, kile kibao kinachoshika nyuzi juu ya tumbo la gita, inashika mtikisiko wa nyuzi pale zinapokalia tu. Mbao haimo, hewa ya tumboni mwa gita haimo. Jukwaani, penye ngoma na kinanda, inafaa sana na mimi mwenyewe naitumia. Lakini gita likiwa peke yake ndani ya rekodi, inachoma masikio. Nikamwomba turudie kwa maiki, akanijibu maiki ni ya waimbaji. Pesa yake nikampa.

Basi nikajikusanya. Nikamwagizia mtu Dar es Salaam: maiki, kadi ya sauti ya bei ndogo ya kuiunganisha na kompyuta, stendi na waya. Maiki peke yake ilinitoka laki tatu na ushei. Kadi ya sauti lazima iwe na kitufe cha volti 48, maana maiki ya kondensa kama hii haiamki bila ya umeme huo unaopita ndani ya waya wake. Ukiichomeka kwenye spika ya harusini isiyokuwa na umeme huo utapata kimya, halafu utasema umeuziwa mbovu.

Wiki mbili za mwanzo nilijuta. Sauti ilikuwa imefifia, kama gita linapigwa chumba cha jirani. Nikabadilisha waya, nikaongeza geini, yaani nguvu ya kukuza sauti ya maiki, wapi. Mpwa wangu, mtoto wa kidato cha tatu, ndiye aliyeifungua ile karatasi ya ndani ya boksi ambayo mimi sikuigusa. "Mjomba, umeielekeza siko." Maiki nilizozizoea mimi za jukwaani unaziimbia kwenye ncha. Hii inasikia kwa ubavu, upande ule wenye alama ya kampuni, na ncha yake ni paa tu. Wiki mbili nzima nilikuwa nazungumza na mtu utosini! Tukaisimamisha wima, uso umetazama gita, na hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba pesa yangu haikupotea.

Ilipoanza kusikia sawasawa ikanionesha kila aibu ya chumba changu. Anayeijua Mji Mkongwe anajua vyumba vyake ni vyembamba, kwa sababu boriti za mikoko haziendi mbali, mita tatu hivi basi. Kwa hiyo una kuta mbili ndefu za mawe na chokaa zinatazamana, ngumu zote mbili, na sauti inarukaruka baina yao. Piga kofi moja utasikia "trrr" fupi inakufuata. Ile "trrr" inaingia katika kila uzi unaougusa na hakuna programu itakayokutolea. Nikatundika khanga sita. Zilipendeza kweli, lakini kitambaa chepesi kinapunguza ukali wa juu tu, huku chini kukabaki na uvumi vile vile. Dawa ilikuwa magodoro mawili ya sufi ya marehemu bibi. Moja nimelisimamisha ukutani nyuma ya mgongo wangu, maana huko ndiko maiki inakotazama, na la pili ubavuni. Nikatoka pia katikati khasa ya chumba, ambako besi ilikuwa haieleweki, noti hii inavimba, ile inazama. Sikuufuta mwangwi wote. Chokaa ina mwangwi wake mzuri ukibaki kidogo.

Halafu pa kuiweka. Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu ndipo nilipopata faida kuliko yote, na hapakunigharimu hata senti.

Kila mtu mwanzo huielekeza kwenye tundu la gita, kwani si ndiko sauti inakotoka? Na mimi vile vile. Matokeo yake kila nikishika kodi ya G, zile noti za kupigwa pamoja, besi inafura kama mtumbwi umejaa maji. Ile hewa ya ndani ya gita ina mlio wake wenyewe. Kwa gita kubwa kama langu uko karibu na Hz 100, yaani mitikisiko 100 kwa sekunde, na G ya chini iko Hz 98, basi zikikutana ni balaa. Ongeza tabia ya maiki za namna hii, kwamba ukizisogeza karibu sana besi huzidi.

Usiku mmoja nikampa mpwa wangu hedifoni, mimi nikakaa napiga mstari mmoja ule ule, yeye anaisogeza stendi vidole viwili viwili. Kwenye tundu akakunja uso. Nyuma ya daraja akasema "kama sanduku". Akaja polepole upande wa shingo, akapita freti ya 14, vile vyuma vya shingoni, akafika ya 12, akaigeuza maiki kidogo itazame pale shingo inapoungana na mwili. "Hapo! Usitikisike mjomba!" Nikapima kwa mkono, shubiri moja na nusu kutoka kwenye nyuzi, sentimita 30 na kitu. Nilipovaa hedifoni nikasikia besi imetulia, nyuzi nyembamba zinang'aa bila ya kukata, na ule mlio wa mbao ambao mpaka siku ile nilikuwa nausikia nikiwa nimeliinamia gita tu. Nimebandika vipande vya utepe sakafuni, vya kiti na vya miguu ya stendi. Kumbe pia nilikuwa nayumba sana nikipiga, na kila nikiyumba sauti inabadilika. Sasa nakaa kama nanyolewa.

Mzee mmoja mpiga udi nilimwita aje ajaribu. Hakutaka hedifoni. Aliziba sikio moja kwa kidole, akainamisha kichwa, akalizungusha lile sikio jengine mbele ya gita mpaka alipopenda, akasema maiki ije papo hapo alipo yeye. Ilikuwa pale pale pa mpwa wangu, labda kidogo juu. Tukarekodi na udi wake na maiki ikaubeba vizuri, mashaallah, ukucha na nyuzi vyote vinasikika. Akashuka ngazi kuondoka ananicheka: Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab, mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay kwenda kurekodi, yeye kapanda ngazi mbili tu na magoti yanamuuma.

Nyuzi sasa. Maiki hii haina huruma na nyuzi zilizooza, na hewa yetu ya bahari inazila upesi. Kwangu wiki mbili zishapiga weusi. Nilitumia kwanza za 80/20, yaani shaba asilimia 80 na zinki 20, zinang'aa sana zikiwa mpya, kwa gita langu zikazidi. Nimehamia za fosfa bronzi, aina nyengine ya nyuzi za shaba, sauti yake ina joto zaidi. Nazifunga siku moja kabla, nazinyoosha zitulie, na nikimaliza nazifuta kwa kitambaa kikavu. Masika ni kazi nyengine: mbao inakunywa unyevu, uso wa gita unafura, nyuzi zinapanda juu na sauti inakuwa butu. Siku za kusi, hewa ikiwa imekauka kidogo, gita lile lile linafunguka. Nyimbo zangu za maana nazingojea kusi.

Mabaya yake yapo. Kelele zake zenyewe zimeandikwa desibeli (dB) 20, wakati maiki ya Rode NT1-A, ya bei kubwa zaidi, ni 5. Nikipiga kwa nguvu sizisikii. Nikidonoa nyuzi taratibu kwa kucha na kuongeza geini, nasikia "shhh" kwa mbali. Haina swichi ya kukata besi, basi nikigonga mguu sakafuni inapanda kupitia stendi. Nakata kwenye programu chini ya Hz 70, maana uzi mzito kabisa wa gita uko Hz 82. Na kondensa yoyote ile haipendi unyevu, kwa hiyo ninaihifadhi kwenye boksi lenye vile vipakiti vya kwenye viatu vipya. Tena inasikia kila kitu. Feni lazima izimwe, na jasho ndilo hilo. Narekodi baada ya saa sita za usiku, kunguru wamelala na vespa zimepungua. Hata hivyo nina wimbo mmoja ambao muuza kahawa amepita barabarani anagonganisha vikombe, na vimeingia kwenye mapigo sawasawa. Nimeviacha.

Kwa bei niliyoitoa nimeridhika. Mwenye chumba kitupu chenye kuta ngumu na asiyekuwa tayari kuhamisha godoro asiinunue kwanza. Na ukiagiza, tazama mwisho wa waya: yangu ni ya XLR, plagi ya duara yenye pini tatu, iko nyengine ya USB, jina lake karibu ni hilo hilo na sura ni moja.