Intaneti ya nyumbani Tanga: umeme ukikatika, nani anabaki hewani?

Kutoka Makorora, Chumbageni hadi Kange, ujumbe mnaoniletea ni ule ule: "Dada, nimelipia mwezi mzima, lakini umeme ukikatika na intaneti inakwenda nao. Nifanyeje?"

Spidi leo siigusi. Kila kampuni imeshaandika Mbps zake kwenye bango, na kusoma mabango hamnihitaji mimi. Mimi kabla sijatoa hela nauliza moja tu: TANESCO wakichukua chao, hiyo laini inabaki?

Wapo waliolijibu swali hili kwa taabu kubwa, nao ni watu wa Ukraine. Oktoba 2022 Urusi ilipoanza kupiga mitambo ya umeme kwa makombora, miji mizima ilikaa gizani saa nyingi kwa siku. Minara ya simu ilijikongoja kwa betri saa chache, kisha ikazima. Iliyosalia ikalemewa, maana kila mtu alikimbilia huko. Walioendelea kupata intaneti ni wenye faiba, ule waya wa kioo unaopitisha intaneti kwa mwanga, inayogawanywa njiani kwa vigawanyo visivyokula umeme hata kidogo. Mwanga unatoka kituoni, unapita nguzo kwa nguzo hadi sebuleni, na katikati hakuna kitu cha kuchomeka. Kituoni wakiwa na jenereta, na wewe ukiwa na betri, umemaliza. Wenzao ambao faiba yao iliishia kwenye swichi ya jengo, halafu ikaingia ndani kwa waya wa shaba, walizimika pamoja na jengo.

Ndiyo maana namba moja yangu ni faiba ya TTCL, na sifichi kwamba naipendelea. Waya unaingia hadi ndani, na ndio hao hao wanaoendesha Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, njia kuu ya faiba ya nchi. Haijafika kila mtaa, kwa hiyo muulize fundi mambo mawili: nguzo yenye faiba iko umbali gani, na je, kati ya kituo na nyumba yangu kuna kifaa chochote kinachotumia umeme? Akianza kukuzungusha, usilipe siku hiyo.

Sasa betri, na hapa ndipo watu wanapopigwa. Faiba bila UPS ndogo ya ruta, yaani kiboksi cha betri cha kuiwasha umeme ukikatika, ni hela ya kutupa, na hizo UPS zinazouzwa Ngamiani nyingi zimejaa uongo. Kiboksi kimeandikwa 30,000 mAh, kipimo cha chaji inayobebwa, ukikishika ni chepesi kama kiberiti. Jamani! Hizo mAh huhesabiwa kwa volti 3.7 za seli za ndani, wakati ruta nyingi zinataka volti 12. Kwa hiyo 10,000 za kweli ni wati-saa 37. Modemu na ruta zikila wati 10 kwa pamoja, utapata kama saa tatu, ukitoa kinachopotea njiani. Seli ya kawaida, ile yenye umbo la betri ya tochi, hata iwe nzuri vipi, inabeba kama 3,500 na ina uzito wa gramu 45 hivi. Kiboksi cha 30,000 kinahitaji seli tisa, yaani gramu 400 za seli peke yake. Basi nenda na mkono wako, au ukaombe mzani wa muuza dagaa jirani. Na kabla hujatoka nyumbani, geuza adapta ya ruta usome chini: volti 12 au 9, ampea 1 au 1.5, na upige picha ile ncha. Duka moja, jina nalihifadhi, liliniuzia cha volti 9 kwa ruta ya 12, na niliporudi nikaambiwa mali ikishauzwa hairudi. Risiti ya EFD nayo ikawa "mashine ni mbovu leo, mama".

Namba mbili ni ruta ya laini ya simu, 4G au 5G panaposhika: Vodacom, Airtel, Yas, Halotel, chukua inayoshika vizuri chumbani kwako. Ukipata ile ndogo yenye betri yake ndani, afadhali. Ila uhai wake uko kwa mnara, na betri ya mnara huwezi kuibeba wewe. Hata mwenye faiba awe nayo moja akibani, ya kampuni tofauti. Desemba 12, 2023 wadukuzi waliiangusha Kyivstar, kampuni kubwa ya simu ya Ukraine, na wateja wapatao milioni 24 wakakosa mtandao. Siku hiyo aliyekuwa na laini ya kampuni nyingine ndiye aliyeongea.

Namba tatu, wale wanaokufungia antena juu ya bati na kukugawia kutoka paa la mtu mwingine. Paa hilo likikosa umeme, nawe huna. Sina zaidi.

Mnaniuliza pia Starlink, intaneti ya setilaiti. Kule Ukraine iliwafaa sana tangu mwisho wa Februari 2022, lakini hapa kwetu hadi 2025 ilikuwa haijapewa leseni. Anayekuletea sahani kwa njia za panya za Horohoro anakuletea kesi. Halafu sahani ya kawaida inakula wati 50 hadi 100 kutegemea toleo, kiboksi chako cha 10,000 hakitoboi hata saa moja.

Bando la simu na hotspoti? La dharura hilo.

Na nyaya za baharini zinazotuletea intaneti kutoka nje zikikatika, kama EASSy na Seacom zilivyokatika Mei 2024, UPS haikusaidii kitu, wala msinitumie ujumbe. Kinachoniudhi mimi ni bei. Mgao ukitangazwa tu, kiboksi kile kile kwenye rafu ile ile kinapandishwa bei kabla ya adhuhuri, na muuzaji anakutazama usoni anasema mzigo ni mpya. Vumbi lake analifuta mbele yako.